Punje za Kichupa cha Nne

Butembo, 9 Septemba
Mvua: milimita 11. Imeanza saa nane mchana, siku sita kabla ya nilivyotarajia.

Mjukuu wangu Ngalula amerudi jana kutoka Kampala. Tarehe 14 Desemba atatetea kazi yake ya mwisho wa masomo mbele ya majaji wa chuo kikuu. Nimekuwa mwalimu miaka kumi na saba na mkaguzi wa shule miaka ishirini na miwili. Nimefungua daftari hili ili msimu huu uwe na ushahidi.

Alikaa Kampala miezi mitatu katika maabara, akipima almasi. Baba yake, mwanangu, alichimba almasi kwetu Mbuji-Mayi mpaka mgongo ulipomshinda, na hakupata jiwe kubwa kuliko punje ya mchele. Nilimwuliza Ngalula kama zake zinazidi za baba yake. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akaniita Kaku, yaani babu kwa lugha ya kwetu.

"Kaku, zangu hazionekane na macho. Zile kidogo kabisa, ukipanga milioni mbili mustari moja, zinafika tu upana wa ukucha yako."

Nikamwambia kwamba almasi ya namna hiyo hakuna polisi atakayeitafuta mfukoni mwa mtu.

11 Septemba
Mvua: 4. Nimesahihisha kurasa kumi na mbili za kwanza. Anaandika vizuri. Alama za nukta anaziweka kama mtu anayepanda maharagwe gizani.

15 Septemba
Mvua: 0. Leo nimekataa kusahihisha nisichokielewa. Nimemweka Ngalula mbele yangu, nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mwanafunzi wa sekondari.

Almasi hutupiwa mwanga wa laser, wa rangi moja tu. Karibu mwanga wote hurudi na rangi ileile. Sehemu ndogo sana hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, kwa sababu atomu za almasi zinatetemeka na zimechukua kiasi cha nguvu yake. Kipimo hicho huitwa Raman. Badiliko la rangi huandikwa kwa namba, na kwa almasi kubwa namba hiyo ni moja dunia nzima: 1332. Kwenye karatasi huonekana kama mstari mwembamba uliosimama peke yake. Lakini almasi ikiwa ndogo mno, mstari hushuka chini ya 1332, hunenepa, na huota mkia upande wa kushoto.

Nikataka sababu.

"Unakumbuka kengele yako ya masomo? Ukiipiga na kuiacha ilie, kila mutu anajua ni sauti gani. Ukiipiga na kuishika palepale, unasikia tu 'ko!' Hiyo ni sauti gani?"

"Haijulikani."

"Voilà. Ni sauti mingi pamoja. Ndani ya almasi kubwa mutetemo iko na nafasi ya kwenda mbali, donc sauti ni moja, safi. Ndani ya ile kidogo ukuta iko karibu, mutetemo inakatwa. Inakuwa sauti mingi, na hizo zingine ziko chini ya ile moja. Njo maana mustari inashuka na kuwa na mukia."

"Basi kwa kusikia sauti unaweza kusema ukubwa wa punje."

"Kaku, ile njo kazi yangu yote, umeisema kwa mustari moja."

Ana vichupa vinne vya unga wa almasi. Punje za cha kwanza ni za nanomita mia moja, cha pili thelathini, cha tatu kumi, cha nne tano. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Vitatu vya kwanza vimetii hesabu. Nilipouliza habari za cha nne, alikunja karatasi.

22 Septemba
Mvua: 17. Amekubali kunionyesha kichupa cha nne. Kilele cha mstari wake kiko 1328, mahali panapofaa punje za nanomita nane. Mkia wake ni mrefu sana, unaofaa punje za nanomita tatu. Kwenye kichupa pameandikwa tano. Ukichagua namba yoyote kati ya hizo, upande mmoja wa mchoro unaikataa.

Nimemwuliza kama alichanganya unga wa kichupa cha tatu na cha nne.

"Sikuchanganya, Kaku."

Nimemwuliza tena wakati wa chakula, na tena alipokuwa anaosha vyombo. Jibu lilikuwa lilelile. Nimeona ni heri niandike hapa ninachokumbuka: alipokuwa na umri wa miaka kumi nilimwachia kazi ya kupima mvua wiki moja nilipokuwa Kayna. Niliporudi nilikuta siku saba zimeandikwa 5, 5, 5, 5, 5, 5, 5. Nilimtia adabu.

30 Septemba
Mvua: 9. Wastani wa mwezi ni 6.4 kwa siku. Nimeuandika katika rejista yangu ya mvua, na vijikaratasi ninavyoandikia mvua ya kila siku nimevitia ndani ya mbabula, jiko letu la makaa, viwashe moto, kama nifanyavyo tangu mwaka 1984.

3 Oktoba
Mvua: 22. Nimemwandikia Profesa Valentin, anayeiongoza kazi ya Ngalula. Nimemweleza kwa uaminifu kwamba, kwa maoni yangu, kichupa cha nne kilichanganywa kwa uzembe, na kwamba nilimhoji mhusika mara tatu. Barua ina ukurasa mmoja na haina kosa. Sikumwambia Ngalula. Ukaguzi hautangazwi.

6 Oktoba
Mvua: 13.

10 Oktoba
Mvua: 19. Profesa Valentin amekuja nyumbani baada ya mvua, viatu mkononi, kwa sababu njia yetu ya juu imekuwa tope tupu. Ni mtu wa Kisangani, mwenye heshima na haraka.

"Papa Inspecteur, asanti kwa barua. Ilinifungua macho. Bon. Ngalula, kichupa ya ine tunaitoa. Unatetea na tatu, tunamaliza, kila mutu anaenda kwake na diplôme."

Ngalula alikuwa ameshika sinia ya chai. "Barua gani, Professeur?"

Valentin alinitazama mimi. Ndipo akatambua, na akaanza kutafuta viatu vyake ambavyo vilikuwa mkononi mwake.

Alipoondoka, nilisubiri kelele. Hazikuja. Ngalula alikaa akanieleza kwa sauti ya kawaida nilichofanya. Vichupa vitatu vya kwanza vinaonyesha mambo ambayo wengine walikwisha kuyapima. Maabara ya Kampala imemwahidi nafasi ya kuendelea na masomo kuanzia Januari kwa ajili ya kichupa cha nne, kwa kuwa huko ndiko udogo unakoleta mambo mapya. Kikitoka, nafasi nayo inatoka. Tena jina lake litabaki kuwa la msichana aliyechanganya unga.

"Uliniuliza mara tatu, Kaku, nikakujibu mara tatu. Mara ya ine ukaenda kuuliza mutu mwingine."

Nilimjibu kwamba ukweli hauna jamaa. Alisema ndiyo, na akaenda kulala.

12 Oktoba
Mvua: 8. Kati yangu na Ngalula ni salamu tu.

15 Oktoba
Mvua: 3. Salamu tu. Ameacha kuniletea kurasa za kusahihisha. Anasahihisha mwenyewe, nimeona karatasi mezani, na nukta zimekaa mahali pake.

24 Oktoba
Mvua: 27.

31 Oktoba
Mvua: 10. Wastani wa mwezi: 12.1. Vijikaratasi ndani ya mbabula.

3 Novemba
Mvua: 6. Nimesikia leo, kwa kumsikiliza Ngalula akizungumza kwa simu, kwamba Kampala walizipiga picha punje za kichupa cha nne kwa darubini ya elektroni. Hapo punje zinaonekana moja moja. Picha ni nzito, mtandao wetu unazikataa. Wamezitia katika diski, na diski imepanda lori la Safi kupitia Kasindi hadi Beni.

Safi namfahamu. Alikuwa mwanafunzi wangu darasa la tano. Familia yao ni Waislamu wa Beni, wasafirishaji tangu babu yao. Yeye amejenga ghala na ananunua kakao ya Oicha na Mangina.

Nitakwenda mwenyewe kuichukua diski. Picha zikionyesha punje za nanomita kumi za kichupa cha tatu zimeingia humo, shauri litakwisha. Nimemwambia Ngalula ninakokwenda. Alijibu, "Safari njema, Kaku," bila kuinua macho.

Beni, 5 Novemba
Sina kipimo cha mvua hapa, ila imenyesha sana. Barabara ilifungwa jana. Leo magari yamepita kwa msafara wa askari. Lori la Safi limekwama kwenye tope upande wa Kasindi, na dereva wake Musafiri amepiga simu kusema labda kesho. Safi amenipa chumba nyuma ya ghala, na chakula cha watu wanne.

"Mwalimu, umekonda! Butembo banakulisha chaki?"

6 Novemba
Nitaandika kirefu.

Asubuhi nilikaa mlangoni mwa ghala nikitazama Safi anavyonunua kakao. Ana mizani ndogo na sahani ya bati. Huchota mbegu juu, katikati na chini ya gunia, huzichanganya, hupima gramu mia moja, kisha huhesabu mbegu. Zikiwa mia moja au pungufu, gunia ni zuri. Zikiwa nyingi zaidi, maana yake mbegu ni ndogo.

Alikuja mkulima wa Oicha, mtu mzima, na gunia lililolowa mvua mgongoni. Safi akahesabu: tisini na nane. Mkulima akatabasamu. Safi hakutabasamu. Alimimina zilezile juu ya chekeche akatikisa. Juu zilibaki mbegu chache, kubwa kama kidole gumba. Chini zilianguka nyingi, nyembamba. Za kati hazikuwepo kabisa.

"Baba, hii hapana gunia moja. Hii ni magunia mbili zilioana bila kujuana."

"Mais Mama Safi, hesabu si umeona? Tisini na munane!"

"Hesabu nimeona. Mbegu ya ile tisini na munane iko wapi? Nionyeshe moja tu."

Mkulima alitafuta kwa kidole. Mbegu ya wastani haikuwepo. Watu walicheka, naye akakasirika.

"Sikuchanganya, Mama! Naapa sikuchanganya!"

Nilisimama. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara tatu katika nyumba yangu.

Nikamwuliza Safi mbele yake: "Unamwamini?"

"Namwamini kabisa, Mwalimu. Hakuchanganya. Shamba yake njo iko vile. Kando ya muto miti ni ya zamani, inazaa kubwa. Juu ya kilima ni miti mupya. Anavuna siku moja, anatia gunia moja. Mutu hakukosa. Ni mimi nitakosa nikisema gunia yote ni ya mbegu moja ya kati. Ukiangalia muzani, kubwa njo zinasema. Ukihesabu vichwa, kidogo njo nyingi. Donc nachekecha."

Alimkubalia mkulima, kubwa upande wake na ndogo upande wake, na wakaachana wakitaniana. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni. Kilele kwenye punje za nane, mkia kwenye punje za tatu, na juu ya kichupa neno moja: tano. Miaka ishirini na miwili nilikagua watu, na katika shauri hili sikukagua gunia.

Musafiri ameingia saa kumi, amejaa tope mpaka nyusi. Diski ilikuwa ndani ya kofia yake, ndani ya mifuko mitatu ya plastiki.

Butembo, 8 Novemba
Mvua: 15. Nimeomba radhi. Nilifanya hivyo nimesimama, kwa sababu ndivyo nilivyowadai wengine. Nilimweleza Ngalula habari ya gunia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaku, minafikiri hivyo tangu mwezi wa kumi."

"Kwa nini hukusema?"

"Bila picha? Nani angenisikia? Wewe?"

Nilimpa diski.

12 Novemba
Mvua: 20. Tumechapisha picha kumi na nne mjini. Punje za almasi zinaonekana kama madoa ya kijivu, nyingine zimegusana. Ngalula amenipa rula, kalamu nyekundu na sheria: kupima kila punje ambayo ukingo wake wote unaonekana, na kuziacha nyingine zote, hata ikiwa inauma. Kazi hii inanifaa. Nimepima mia moja na kumi kabla ya chakula.

16 Novemba
Mvua: 5. Nimemaliza. Punje 412. Ngalula sasa anazihesabu upya bila kuangalia alama zangu. Nimemwambia si lazima. Amesema ni lazima.

17 Novemba
Mvua: 0. Tumetofautiana kwa punje saba. Nne alikosea yeye. Tatu nilikosea mimi, kwa kuhesabu kivuli.

21 Novemba
Mvua: 31. Kati ya punje 412 ni 31 tu zinazozidi nanomita nane. Lakini punje yenye upana mara mbili ina uzito mara nane, kwa hiyo hizo 31 zinabeba karibu nusu ya unga wote. Mwanga unaorudi hufuata uzito. Chache kubwa ndizo zinazoshikilia kilele pale 1328. Nyingi ndogo ndizo zinazovuta mkia kushoto. Ngalula alipiga hesabu ya kila ukubwa peke yake, akazidisha kwa sehemu yake, akajumlisha. Kisha, kwenye kompyuta, akaweka mstari wa hesabu juu ya mstari uliopimwa.

Umeme ulikatika kabla sijaona. Tulikaa tukisubiri kama watu waliopeleka mgonjwa. Uliporudi, mistari miwili ilikuwa imelala mmoja juu ya mwingine, kuanzia kilele hadi ncha ya mkia. Ngalula alitoka nje akasimama kwenye mvua bila kitu kichwani, akarudi, akaomba chai.

24 Novemba
Mvua: 12. Nimeandika barua ya pili kwa Profesa Valentin. Nimefuta ya kwanza kwa jina langu kamili na kutaja kosa langu bila kulipamba. Safari hii nilimsomea Ngalula kabla ya kuifunga. Aliniambia nitoe sentensi moja iliyomsifu mno. Nikaitoa.

26 Novemba
Mvua: 7. Valentin amekuja, viatu mguuni.

"Papa Inspecteur, barua ya kwanza inasema toa, barua ya pili inasema rudisha. Nifuate ipi?"

"Usifuate barua. Tazama mchoro."

Alitazama muda mrefu. Akauliza hesabu ya punje ni ya nani, akauliza tena uzito, akajaribu mwenyewe kwa kalamu. Mwishowe akasema, "Bon. Inaingia. Mais majaji batakuuma, Ngalula, na mimi siwezi kujibu mahali pako."

"Batumie meno, Professeur."

Nilijifanya sikusikia lugha hiyo.

30 Novemba
Mvua: 14. Sijapiga wastani. Sijui kwa nini. Kibiriti nilikuwa nacho.

14 Desemba
Mvua: 2, asubuhi tu.

Ukumbi ulijaa. Safi alikuja kutoka Beni akiwa na kilemba cha kijani na Musafiri aliyepigwa pasi. Majaji walikuwa watatu, mwenyekiti wao Madame Solange, mwanafizikia ambaye hacheki. Nilimpenda mara moja.

Ngalula alizungumza kwa dakika ishirini. Kisha Madame Solange akafungua ukurasa wa kichupa cha nne.

"Laser hupasha moto. Almasi ikipata joto, mstari wake pia hushuka na kunenepa. Unajuaje kwamba hukupima joto ukadhani ni udogo?"

Hilo mimi sikulifikiria hata siku moja.

"Nilipima kichupa kilekile kwa nguvu yote ya laser, nusu, sehemu ya kumi, na sehemu ya ishirini," alijibu Ngalula. "Kwa nguvu yote na kwa nusu, mstari ulishuka zaidi, hilo lilikuwa joto, nikayatupa matokeo hayo. Kwa sehemu ya kumi na ya ishirini haukusogea tena. Nimetumia hayo mawili tu. Ni ukurasa wa thelathini na nane."

Madame Solange alifungua ukurasa wa thelathini na nane. Ulikuwepo.

"Kwa nini hukutoa kichupa hiki? Kazi yako ingekuwa safi."

"Ingekuwa safi, Madame, na isingesema kitu. Vitatu vya kwanza vinathibitisha yaliyojulikana. Hiki kinaonyesha kwamba kwa punje ndogo hivi, namba moja haitoshi kuueleza unga. Tukiandika 'nanomita tano' tunataja punje ambazo karibu hazimo."

"Nani alihesabu hizi 412?"

"Babu yangu mara ya kwanza, mimi mara ya pili. Tulitofautiana kwa saba. Makosa yote yameorodheshwa, yangu na yake."

Ukumbi ulicheka. Madame Solange alinitafuta kwa macho juu ya miwani yake, akanipata, na akainamisha kichwa kidogo. Baada ya nusu saa walirudi wakamtangazia alama ya heshima kubwa. Safi alipiga vigelegele mpaka Valentin akaziba sikio moja na kupiga makofi kwa mkono wa pili kwenye paja.

16 Desemba
Kampala wamejibu. Ngalula ataanza tarehe saba Januari.

Jioni hii aliomba rejista yangu ya mvua, aone wastani wa mwaka aliozaliwa. Alifungua kurasa moja baada ya nyingine: miaka arobaini, namba moja kwa kila mwezi. Kisha akaanza kucheka, akashindwa kujizuia.

"Kaku, mvua zenyewe ziko wapi?"

"Zilikuwa katika vijikaratasi."

"Na vijikaratasi?"

Nilitazama mbabula. Yeye pia akaitazama.

"Miye niliandika tano mara saba, ukanichapa," alisema. "Wewe umeandika hivyo miaka makumi ine."

Ni kweli. Nimemwambia kwamba ni kweli. Kisha nilikwenda kwenye sanduku, nikatoa vijikaratasi vya Novemba ambavyo sikuvichoma, nikavitoboa pembeni na kuvifunga kwa uzi, kimoja baada ya kingine. Vya Desemba vitafuata. Yeye alishika uzi.

Mvua: alfajiri 3, saa tisa 26, magharibi matone machache yasiyopimika. Sikujumlisha.